Mama Mukwe Hapigiwi Simu

Kwa yule aliyefungia samaki wa ndagala gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, namkumbusha haraka.

Mimi ni Fabien wa Baraka, mchumba wa Gentille wa Swima. Nilikwenda kwao kujitambulisha. Nikaketi mezani, bugali mbele yangu, hata tonge sijakata, mara mama yake Gentille akatokea na jogoo mzima kwenye sahani. Na kwetu mkwe hali mbele ya mama mukwe. Hamwangalii usoni. Hamtaji jina, hata mama huyo akiwa anazama ziwani.

Mlango ulikuwa upande wake. Dirisha lilikuwa upande wangu. Nikaruka. Vesti yangu, lile koti langu la kijivu, ikabaki kwenye kiti, na mimi nikarudi Baraka na shati limechanika mgongoni.

Nilidhani hiyo ndiyo aibu ya maisha yangu. Wapi! Ilikuwa inanisalimia tu.

Sasa acha niseme kazi yangu, maana nisipoisema mimi ataisema jirani. Nasoma matangazo kwenye redio moja hapa Baraka. Kila jioni, kabla ya matangazo ya vifo, nasoma maneno haya kwa sauti nzito: "Ndugu musikilizaji, usimupe mutu yeyote namba ya siri yenye inaingia mu simu yako. Hata akilia. Hata akisema ni pasta."

Maneno hayo niliyaandika mwenyewe. Watoto wa Baraka wanayajua kwa kichwa, wakiniona barabarani wananiimbia. Mkumbuke hivyo, kisha mnihurumie.

Siku chache baada ya lile dirisha, nilikuwa nje ya redio nakula andazi na Déogratias, fundi wetu wa mitambo. Simu ikalia. Ujumbe wa Watsapu, namba nisiyoijua.

"Mutoto wangu, ni mi mama yake Gentille. Simu yangu ilianguka mu maji. Hii njo namba yangu mupya."

Nilisimama wima. Andazi nililitema, maana hata ndani ya simu, kula ni kula.

Pembeni kulikuwa na picha. Niliona kitenge cha bluu na mkono unaomenya muhogo, nikageuza simu kifudifudi. Mkwe mwenye adabu haangalii.

"Juu ya nini unaficha simu?" Déogratias akauliza.

"Ni mama mukwe."

"Iko ndani ya simu?"

"Picha yake."

"Umeiangalia muzuri? Ni yeye?"

"Déo, mutu anaangaliaka mama mukwe?"

Akachukua simu, akasoma, akakuna kidevu. Yeye bado hajaoa, kwa hiyo anaongea ovyo.

"Mupigie. Usikie sauti."

"Nani? Mi nipigie mama mukwe simu? Weye ulizaliwa wapi?"

"Basi umuulize kitu chenye yeye tu anajua."

"Nimuhoji mama mukwe? Mi ni polisi?"

"Bon. Umuulize Gentille."

"Nimwambie Gentille kama mama yake namushuku? Unataka nikufe bila bibi?"

Déogratias akainua mikono, akarudi kwenye andazi lake. Simu ikalia tena.

"Mutoto wangu, nilijaribu kufungua Watsapu mupya, lakini kode yangu imeenda kwako kwa makosa. Ni namba sita. Unitumie mbio, niko nangoja mu jua."

Na kweli, meseji ikaingia. Namba sita, na chini yake onyo kwa Kifaransa kwamba nisimpe mtu yeyote. Nikalisoma lote. Nikajiambia: hilo ni la watu wengine. Mama mukwe anangoja juani, mimi nisome Kifaransa?

Nikatuma. Nikaongeza: "Aksanti sana mama kwa kuniamini."

Palepale Watsapu ikazima usoni mwangu. Ikaniambia namba yangu haimo tena kwenye simu hii.

"Ni mtandao," nikasema. Hapa Baraka kila ubaya ni mtandao.

Déogratias akameza andazi lake la mwisho.

"Ile tangazo ya jioni," akasema, "utaisoma weye, ao niisome mi?"

Nilimtukana. Kisha nikakaa pale nikijua moyoni kwamba nimeliwa.

Kesho yake asubuhi Gentille akapiga. Simu ya kawaida, sauti imekauka.

"Fabien, iko na wazimu?"

"Mapenzi, kuko nini?"

"Usiniite mapenzi. Uliandika nini mu grupu?"

Grupu hiyo ni ya ndoa yetu. Mna familia yangu yote na yao yote, mna katekista, mna shangazi wa Fizi, mna watu wa Makobola ambao hata Gentille hawajui.

"Sikuandika kitu. Hata siko mu Watsapu tangu jana."

"Njo vile? Basi nakusomea. 'Habari ya asubui,' kisha ya pale..." Akashusha sauti. "Kisha ya pale uliandika jina ya mama."

"Jina?"

"Jina, Fabien! Ya ubatizo na ya kwao. Yote!"

Nilikaa chini. Kiti hakikuwapo.

"'Murembo wangu,'" akaendelea kusoma, "'ile jogoo ya siku ile ilikuwa nguvu kama kiatu. Nikirudi, unipikie kuku laini. Nitakula mbele yako, macho kwa macho.' Na ukaweka kikatuni ya kubusu, Fabien. Kikatuni ya kubusu!"

Jina hilo, wasomaji wangu, sitaliandika hapa. Mhariri amenibembeleza, anasema hadithi itanoga. Aandike la mama mukwe wake.

Nilimweleza Gentille yote: namba mpya, maji, jua, kode. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Weye," akasema polepole. "Weye wa tangazo."

"Mi."

"Fabien, shangazi wa Fizi ametoka mu grupu. Katekista ametoka. Maman Godelieve, jirani yetu, alilia, akajirekodi, akatutumia kilio. Na Baba Mudogo Willy anasema kesho ukuje Swima na mbuzi ya kuosha jina ya mama. Ukikosa kujisafisha mbele ya wazee, ndoa imekufa. Anasema ataita yule wa Uvira mwenye magazini."

Baba Mudogo Willy ni mdogo wa marehemu baba yake Gentille. Tangu baba afariki, yeye ndiye mdomo wa familia. Na yule wa Uvira mwenye magazini, mwenye duka ambaye Willy angependa amwoe Gentille, ndiye wimbo wake. Hakuna siku aliyoongea nami bila kumtaja.

"Na weye Gentille? Weye unaniamini?"

Akakata simu.

Nampenda yule msichana. Naliandika wazi gazetini ili hata wanaofungia ndagala walione. Usiku huo sikulala, na asubuhi nilikwenda sokoni kutafuta mbuzi kwa macho mekundu, muuzaji akadhani nimefiwa.

Minani ndiye aliyenibeba. Ni dereva wa moto, yaani pikipiki, Mrundi wa kambi ya Lusenda, anaijua ile barabara na mashimo yake yote. Alimwangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Mbuzi ya harusi ao ya kesi?"

"Sijajua bado."

"Basi nitaenda polepole. Kama ni ya kesi hatuna haraka."

Mbuzi aliwekwa katikati yetu, kichwa chake kwapani mwangu. Mpaka tunafika Swima alikuwa amenimaliza kola.

Uani kwao viti vilishapangwa. Wazee wameketi, Baba Mudogo Willy katikati, mkono kiunoni, viatu amevivua kwa sababu alikuwa anasema vinambana. Bamama walikuwa ndani nyuma ya rido, pazia la mlango. Na mama mukwe naye alikuwa humo. Sikumwona, lakini nilijua, maana shingo yangu ilikataa kugeuka upande ule. Nikapewa kigoda, nikakigeuza, nikaketi mgongo kwa mlango.

"Jina ya nani iliandika ile maneno mu grupu?" Willy akaanza.

"Yangu, baba mudogo."

"Picha ya nani iko pale?"

"Yangu."

"Mutu mwenye kuvaa vesti ya kijivu mu ile picha ni nani?"

"Ni mi."

"Bon. Kesi imeisha. Mulete kisu."

"Baba mudogo, niliibiwa akaunti!"

"Aha. Mwizi aliiba na mudomo yako?"

Wazee wakacheka. Nikaomba ruhusa, nikasimama, nikatoa ile sauti ya redio.

"Bazee wangu, mutoto mwenye alizaliwa akakomea hapa, kutoka Baraka mpaka Makobola, anaweza andika jina ya mama mukwe? Hata akilewa? Hata akigonjwa malaria ya kichwa? Hapana! Ile ni kazi ya mutu wa mbali. Mwizi wa mitandao, hajui bukwe ni nini. Ile jina njo inanitetea!"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema, "Pale amesema." Moyo wangu ukapanda. Nyuma ya rido nikasikia Gentille anakohoa, na kikohozi chake nakijua, kilikuwa cha kunipa nguvu.

Willy hakubabaika hata kidogo.

"Muzuri. Ule mwizi anaandikaka mu grupu asubui yote. Leo tu ameshaandika mara nyingi. Gentille, leta simu yako, weka hapa ku mukeka. Akiandika sasa, Fabien akiwa mbele yetu mikono mitupu, nitamuomba musamaha mi mwenyewe."

Simu ikawekwa. Tukaiangalia. Kuku wakapita. Mbuzi akakojoa. Tukaiangalia tena. Asubuhi nzima mwizi amenichafua bila kupumzika, na sasa, mpumbavu yule, kimya! Nilimwomba moyoni aandike kitu chochote, hata jina langu la utoto.

"Munaona?" Willy akasema. "Tangu huyu aikale ku kigoda, na mwizi ameikala kimya."

Uani pakalipuka kicheko. Hata Minani kule kwenye moto yake alicheka, na nilikuwa sijamlipa.

Hapo Gentille akatoka ndani. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kulima.

"Baba mudogo, mutupatie kidakika. Fabien, leta simu yako."

Akaketi mkekani, mbele ya wazee, akaifungua Watsapu yangu upya.

"Namba ni yako," akasema. "Laini iko mu simu yako, haiko mu simu ya mwizi. Unaomba kode ingine, inaingia kwako, unaiandika. Pale pale yeye anaanguka inje."

"Na juu ya nini haukuniambia jana?"

"Jana nilikuwa nalia."

Meseji ikaingia. Akaandika namba sita. Tukangoja, Swima mtandao unakuja unapotaka.

"Ameanguka," Gentille akasema. "Hawezi andika tena."

Wazee wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Kisha akakunja uso.

"Inaomba namba ingine. Ya pili. Mwizi aliweka yake, kufunga mlango nyuma yake. Tutangoja masiku mbele ya kuingia." Akaniangalia. "Hii namba ya pili, Fabien, kama ungeiweka weye wa kwanza, hangeweza kuingia hata na ile kode."

"Najua."

"Unajua?"

"Njo tangazo yangu ingine. Naisomaka kila siku ya posho," nikasema. Posho ni Jumamosi yetu.

Nyuma ya rido bamama waliangua kicheko. Masikio yangu yakawaka moto.

"Kwa hiyo," Willy akadaka, "hawezi tuonyesha kitu. Ile meseji ya mama wa uongo hakuna, mwizi hakuna, kuko mbuzi tu. Jamani, kisu!"

"Bado," Gentille akasema. "Fabien, ile namba mupya ya mama, uliiandika mu simu?"

"Ndiyo. Niliiita Mama Mukwe Mupya."

"Ulishaipigia?"

"Gentille! Mbele ya bazee unaniuliza kama napigiaka mama yako simu?"

"Pale amejibu muzuri," mzee mmoja akasema, na wengine wakakubali.

"Ipigie sasa."

"Siwezi. Na kama ni yeye?"

"Mama iko nyuma ya rido na simu yake mukononi. Haijaanguka mu maji hata siku moja. Piga, Fabien."

"Iko adabu kweli hii?" Willy akasema, akainuka nusu. "Mukwe kupigia mama mukwe mbele ya batu? Mi nakataa! Kwetu haikubaliwe!"

Siku zote namwogopa yule mzee. Lakini safari hii sauti yake ilipanda juu zaidi ya kesi yenyewe, nikashangaa.

Nikavua kofia. Nikajifunika macho kwa mkono wa kushoto. Kwa kidole gumba cha kulia nikabonyeza.

Nikaibana simu sikioni.

Halafu ndani ya nyumba jogoo akawika.

Hakuna aliyejali. Jogoo ni jogoo. Akawika tena, vilevile, hakubadilisha hata pumzi. Akawika mara nyingine, na mzee aliyenisifu akageuza kichwa.

"Hapa kuko jogoo gani?" akauliza. "Si tulisikia ilichinjwa siku Fabien aliruka dirisha?"

Nikakata simu. Jogoo akanyamaza. Nikapiga. Jogoo akawika.

Gentille alishaingia ndani anakimbia. Mimi nilikuwa nimesimama, najua sasa kila kitu kinaisha. Mwizi yuko ndani ya nyumba hii! Simu yake inawika ndani ya nyumba hii! Nitasafishwa, mbuzi atarudi Baraka, Gentille ataniita mapenzi.

Akatoka polepole. Mkononi ameshika vesti. Ya kijivu. Kifungo kimoja hakipo.

Vesti yangu.

"Ilikuwa ku musumari, mu salon ya wageni," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa simu ndogo inawika, na kwenye kioo chake inasoma namba yangu.

"Ni vesti ya nani?" Willy akauliza, taratibu sana.

"Ya... ni yangu, lakini niliiacha..."

"Batu yote munasikia? Ni yake! Simu ya mwizi iko mu mufuko ya nani?"

"Yake!" wakajibu wote.

"Niliiacha hapa! Mi nilikuwa Baraka, vesti ilikuwa Swima! Nitaandika namna gani ndani ya vesti yenye sina?"

Nani atasikiliza hesabu hiyo? Watu walisimama, viti vikaanguka, mtu alishashika kamba ya mbuzi, na Willy anapaza sauti kwamba mwizi amejikamata mwenyewe na yule wa Uvira hajawahi kuruka dirisha. Gentille alinitazama. Niliona anataka kuniamini lakini ile vesti inamkataza.

"Gentille," nikasema. "Si mi. Naapa, si mi."

Akaanza kuivua pete.

Hapo rido ikafunguliwa.

Niliona miguu tu, kwa sababu niliinamisha kichwa palepale. Miguu ikapita wazee, ikaja ikasimama mbele yangu. Kitenge cha bluu. Nikasikia mbuzi anatafuna.

"Fabien," mama mukwe akasema.

Aliniita jina. Mbele ya watu wote, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Nilisikia mzee mmoja anamwita Mungu.

"Fabien, ikala. Gentille, acha pete." Hakupaza sauti. "Ile siku nilileta jogoo ku meza, huyu aliruka dirisha mbele ya kuonja. Hata mufupa hakugusa. Sasa mwenye kuandika anasema jogoo ilikuwa nguvu kama kiatu. Alijua namna gani?"

Miguu ikageukia wazee.

"Ni kweli ilikuwa nguvu. Ilizeeka. Lakini hapa kwetu aliikula mutu moja tu, mpaka na shingo. Na ule mutu, siku ya Mungu, njo nilimuona anavaa hii vesti kwenda ku kanisa."

Mimi bado naangalia chini. Kwa hiyo sikuona uso wa mtu yeyote. Niliona tu, pale chini ya kiti cha katikati, miguu mitupu ya Baba Mudogo Willy inapapasa huku na huku, inatafuta viatu.